Gari la spoti la zamani linakohoa kwenye kabureta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa gerejini hapa Mbeya na wenye MGB, Datsun 240Z, Celica za miaka ya 1970 na ndugu zao. Wengi wameyarithi magari hayo kwa wazazi. Mengine yalikaa chini ya turubai miaka kumi au zaidi kabla ya kuwashwa tena. Majibu nimeyaandika kwa yeyote mwenye spana, fila geji (kipimo cha nafasi nyembamba) na subira.

Kukohoa kwenye kabureta ni nini hasa?

Ni moto uliotoka kwa mlango wa kuingilia, yaani kupitia kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Kwa kawaida silinda huvuta hewa na petroli kupitia valvu ya kuingiza, valvu inafunga, pistoni inabana, plagi inatoa cheche, moto unasukuma pistoni chini, kisha moshi unatokea valvu ya pili kwenda kwenye sailensa. Ikiwa valvu ya kuingiza iko wazi wakati ndani ya silinda bado kuna moto, moto huo unarudi nyuma kwenye manifoldi (bomba linaloleta mchanganyiko kwenye silinda) na kuwasha petroli inayosubiri kuingia. Hapo ndipo unaposikia "pah!" chini ya boneti, na wakati mwingine unaona ulimi wa moto kwenye mdomo wa kabureta.

Njia za kufika hapo ni tatu. Ya kwanza, mchanganyiko ni mkavu, yaani hewa nyingi na petroli kidogo. Mchanganyiko wa namna hiyo huwaka polepole, na valvu ya kuingiza inapofunguka kwa mzunguko unaofuata, moto bado haujaisha. Ya pili, cheche imekuja wakati usio wake. Ya tatu, valvu haifungi vizuri, au kemshafti, shafti inayofungua valvu, imelika na valvu hazifunguki inavyotakiwa.

Gari langu linapiga risasi kwenye sailensa ninapoachia mafuta mlimani. Ni tatizo hilohilo?

Hapana. Mlio wa kwenye sailensa ni petroli ambayo haikuungua ndani ikaenda kuungulia nje. Mara nyingi mchanganyiko ni mzito (petroli nyingi, hewa kidogo), plagi moja haichomi, au kuna gasketi ya ekzosi inayovuta hewa. Simama mbele ya gari, mwenzako akanyage mafuta taratibu, usikilize mlio unatokea upande gani. Nimeona watu wakitafuta ugonjwa wa kabureta wiki nzima kumbe mlio unatoka nyuma.

Je, ni hatari au ni kelele tu?

Ni hatari. Kabureta inayokohoa inatema moto sehemu yenye petroli. Kama chemba ya floti (kibakuli cha petroli cha kabureta) inavuja, au mpira wa petroli umepasuka, gari linaweza kuungua mbele yako. Usiondoe chujio la hewa ukaendesha hivyohivyo, kwa sababu chujio hilo na nyumba yake ndivyo vinavyozuia ulimi wa moto. Usichungulie ndani ya kabureta wakati mwenzako anapiga stata. Uwe na mtungi wa kuzimia moto karibu, siyo ndani ya ofisi iliyofungwa.

Na kuna desturi moja ninayoomba iishe kabisa: kumimina petroli kwa kifuniko cha chupa ya soda kwenye mdomo wa kabureta ili gari liwake. Nikiwa mwanafunzi wa gereji nilimwona mwenzangu akifanya hivyo kwenye injini iliyokuwa na taimingi (wakati wa kutoa cheche) mbovu. Ilikohoa mara moja, kifuniko kikashika moto mkononi mwake, akakitupa, na chupa iliyokuwa pembeni ikawaka. Alipona, ila ngozi ya mkono wa kulia haikurudi kama zamani. Kama injini inahitaji kumiminiwa ili iwake, pampu, choki au floti ina kasoro. Itafute hiyo kasoro.

Fundi, mbona huanzi na kabureta? Si ndiyo inayokohoa?

Swali hili naulizwa kuliko yote. Kabureta ndipo sauti inapotokea, na kwa hiyo ndiyo inayosingiziwa. Mtu akifika na gari linalokohoa, mara nyingi skrubu zote za kabureta zimeshazungushwa na watu watatu, na sasa ana matatizo mawili badala ya moja.

Mimi naanza na moto, yaani umeme wa plagi. Nafungua kepu ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi, na kuipeleka kwenye mwanga. Natafuta mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, unaopita kutoka ncha moja kwenda nyingine. Huo ni ufa ambao cheche imejipatia njia. Asubuhi za ukungu za Tukuyu au Uyole, unyevu ukiingia kwenye ufa huo, cheche ya silinda moja inarukia waya wa jirani. Na jirani kwenye kepu ndiye anayefuata kwenye mpangilio wa kuwaka: silinda 1 inapowaka, ile inayofuata ndiyo kwanza imemaliza kuvuta mchanganyiko na valvu yake ya kuingiza bado haijafunga sawasawa. Cheche ikifika huko, lazima itakohoa.

Baada ya kepu naangalia pointi, swichi ndogo inayokata na kuunga umeme ndani ya distribyuta. Kwa MGB nafasi yake ni milimita 0.35 hadi 0.40. Zikiwa zimeungua na kuwa na kichuguu upande mmoja na shimo upande mwingine, kondensa (kikopo kidogo cha umeme kilichounganishwa na pointi) ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kondensa mbovu hutoa cheche dhaifu ya rangi ya chungwa badala ya bluu inayolia kwa nguvu, na injini inakohoa zaidi kadiri unavyoongeza mafuta. Usiiamini kwa sababu tu ni mpya. Nimebadilisha mpya kwa mpya mara mbili kabla ya kupata nzima, na siku hizi ile ya zamani iliyofanya kazi siitupi.

Kisha natikisa shafti ya distribyuta kwa vidole. Ikicheza kushoto na kulia, bushi zimekwisha, na taa ya taimingi itaonyesha alama inayorukaruka badala ya kutulia. Hapo hata ukiset pointi kwa uangalifu wote, nafasi inabadilika kila mzunguko.

Mwisho naondoa mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye kopo la vakyumu la distribyuta, naunyonya kwa mdomo na kuuziba kwa ulimi. Sahani ya pointi inatakiwa isogee na ibaki hapo. Ikirudi, ngozi ya ndani imepasuka: taimingi haisogei mbele na hewa ya ziada inaingia kwenye manifoldi. Kosa moja, madhara mawili, na yote mawili yanaleta kikohozi.

Limeanza kukohoa baada ya kubadilisha waya za plagi. Sasa haliwaki kabisa, linatema moto tu.

Waya zimepishana, au distribyuta iliwahi kutolewa ikarudishwa kinyume. MGB inawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Datsun 240Z ni 1-5-3-6-2-4. Kwa zote mbili rota (kipande kinachozunguka chini ya kepu) inazunguka kinyume na mshale wa saa, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Njia ya uhakika: toa plagi ya silinda 1, ziba tundu kwa kidole, zungusha injini kwa mkono hadi upepo uanze kusukuma kidole. Endelea taratibu hadi alama ya puli ifike mahali pake. Sasa rota iwe inaelekea waya wa silinda 1. Ikiwa inaelekea upande wa pili kabisa, plagi inatoa cheche wakati valvu ya kuingiza inaanza kufunguka. Ndiyo maana inatema moto badala ya kuwaka.

Linakohoa nikikanyaga mafuta ghafla tu. Nikikanyaga taratibu linakwenda vizuri.

Ukikanyaga ghafla, hewa inakimbia kuliko petroli, na kwa nusu sekunde mchanganyiko unakuwa mkavu. Kila kabureta ina njia yake ya kuziba pengo hilo.

Kabureta za SU, zile zenye kofia kama kengele kwenye MGB, na za Hitachi za mtindo huohuo kwenye 240Z, zina fimbo ndogo ndani ya oili kwenye shingo ya kofia. Oili hiyo inaizuia pistoni ya kabureta isiruke haraka. Ikikauka, pistoni inaruka, hewa inaingia kwa wingi na injini inakohoa. Fungua kifuniko cha juu, weka oili ya injini nyepesi ya namba 20, rudisha fimbo hadi uhisi inakataa kidogo. Kazi ya dakika tano. Magari mawili kati ya matano yanayoletwa kwangu kwa kilio hiki yamekuwa makavu hapo, na wenyewe hawakujua kwamba panawekwa oili.

Kabureta ya Weber haina oili hiyo. Ina pampu ndogo inayorusha petroli unapokanyaga. Zima injini, toa chujio, vuta waya wa pedali ya mafuta ukitazama kwa mbali kidogo: mchirizi utoke mara moja, sawa kwa kila koo la kuvutia hewa. Koo moja likiwa kavu, vali ndogo ya pampu au jeti yake (tundu la kutolea petroli) imeziba. Jeti za mwendo wa chini za Weber zina matundu madogo sana na vumbi letu linazipenda. Zipulize kwa kompresa. Usichokonoe kwa waya, maana tundu likipanuka halirudi.

Asubuhi ya Julai linakohoa mpaka lipate moto, halafu linatulia. Nilitengeneze?

Kama halikohoi tena baada ya kupata moto, pengine halina ugonjwa. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye manifoldi baridi, na asubuhi za Juni na Julai huku kwetu ni baridi kweli, Njombe na Makete hadi umande unaganda. Choki, inayoongeza petroli injini ikiwa baridi, ndiyo dawa. Hakikisha inafika mwisho inapovutwa, kwa sababu kebo za miaka hiyo hujinyoosha na kufika nusu njia. Kwenye SU, choki hushusha jeti chini. Piga magoti uone kwa macho kama jeti za kabureta zote mbili zinashuka pamoja.

Ila kama zamani halikuwa hivyo na limeanza baada ya kujaza mafuta mahali fulani, fikiria uchakachuaji. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inawaka kwa shida injini ikiwa baridi. Toa kidogo kwenye chupa ya kioo, dondoshea kwenye karatasi nyeupe na uache mbali na moto. Petroli safi inapotea haraka bila kuacha alama. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalokaa.

Kamwene fundi. Gari lilisetiwa Iringa, linaenda vizuri. Nikishuka Dar es Salaam linaanza kukohoa. Nikirudi linapona. Ni mwendo gani huu?

Kamwene. Gari lako halina ugonjwa, ni mwinuko. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa ni pungufu kidogo ya hapo, Njombe karibu 2,000. Katika mwinuko wa Mbeya hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Kabureta haijui hilo: inaendelea kutoa petroli karibu ileile kwa hewa iliyopungua, na mchanganyiko unakuwa mzito. Fundi mzuri wa huku anapunguza petroli ili injini ikae sawa. Ukishuka Dar, hewa inajaa tena, petroli ni ileile iliyopunguzwa, mchanganyiko unakuwa mkavu, na kikohozi kinaanza. Hata safari ya Kyela inatosha kukuonyesha, kwa sababu Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500.

Anayeishi pwani akija Mbeya anaona kinyume chake: gari linakuwa zito, linanuka petroli, plagi zinakuwa nyeusi kama masizi ya jiko. Halikohoi kwenye kabureta. Kwa hiyo mtu akikuambia gari linakohoa Mbeya "kwa sababu ya mlima", usikubali.

Kwa SU, nati ya jeti ina pande sita. Kabla ya kusafiri kwenda pwani, zungusha kila nati upande mmoja au miwili kuelekea chini ili petroli iongezeke, na uandike umezungusha kiasi gani ili urudishe. Kama uliongeza taimingi nyuzi mbili tatu kwa ajili ya huku juu, irudishe pia, ama sivyo injini itagonga ukiipa mzigo kwenye joto la pwani.

Tambarare ni zima. Kupanda Kitonga linaanza kukohoa na kuishiwa nguvu.

Hapo petroli haifiki ya kutosha. Kwenye mlima mrefu injini inakunywa kuliko pampu inavyoleta, chemba ya floti inashuka na mchanganyiko unakauka. Toa mpira wa petroli kwenye kabureta, uingize kwenye chupa, washa pampu. Chupa ya nusu lita ijae ndani ya dakika moja hivi kwa mkondo usiokatika. Ikishindwa, tafuta kuanzia nyuma: tundu la hewa la kifuniko cha tangi, kutu ndani ya tangi, chujio, kisha pampu. Fungua kifuniko cha tangi mara tu linapoanza kukohoa. Ukisikia linavuta pumzi na gari likapona, umeshapata jibu kwa bei ya bure.

Nyuma ya malori yanayotambaa Kitonga joto la boneti hupanda sana pia, na petroli inaweza kuchemka ndani ya bomba lililopita karibu na ekzosi. Sogeza bomba, usifunge kitambaa cha maji kama suluhisho la kudumu.

Nitajuaje kama hewa inaingia pasipotakiwa?

Injini ikiwa inazunguka kwa mwendo wa chini, nyunyizia maji kwa chupa ya pampu kwenye gasketi za manifoldi, kwenye kiungio cha kabureta, na kwenye ncha za shafti ya kipepeo cha kabureta. Mlio ukibadilika, umepata. Wapo wanaonyunyizia petroli. Kwenye injini inayotema moto, jamani, hapana.

Shafti ya kipepeo iliyolika ni ya kawaida mno kwenye SU zenye miaka 50. Na usisahau bomba kubwa la vakyumu la breki, kama gari lako linalo.

Kabureta moja tu ndiyo inayokohoa, mfululizo, "pu, pu, pu". Umeme na petroli nimeshamaliza.

Sasa ingia ndani ya injini. Kwenye MGB kila kabureta inalisha silinda mbili, kwenye 240Z tatu, kwa hiyo tayari umepunguza eneo la kutafuta.

Anza na tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na roka (mkono mdogo unaoisukuma). MGB ni milimita 0.38. Injini ya 240Z, L24, ikiwa baridi ni 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutolea moshi. Valvu isiyo na nafasi haifungi kabisa, na ya kuingiza ikiachia hata kidogo, moto unapita. Magari haya yalitengenezwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, ambayo ililinda viti vya valvu. Petroli hiyo haipo tena kwenye vituo vyetu. Viti laini hulika, hasa vya kutolea moshi, na nafasi ya tapeti hupungua yenyewe, kwa hiyo kagua mara nyingi kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

Kisha pima kompresheni (mbano wa kila silinda), injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa hadi chini. Hapa watu wa huku wanadanganywa na vitabu. Injini ambayo ingesoma psi 170 pwani itasoma kama 140 Mbeya, kwa sababu inabana hewa iliyo pungufu tangu mwanzo. Usivunje injini nzima kwa ajili hiyo. Linganisha silinda na silinda: tofauti ikizidi asilimia 10 ndipo pana neno. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu na upime tena. Ikipanda, ni ringi; isipopanda, ni valvu. Geji ya vakyumu ni vilevile: kitabu kinataka inchi 18 hadi 21 za zebaki, huku kwetu 13 hadi 15 zilizotulia ni afya. Sindano ikidunda kwa mpangilio, valvu mojawapo haifungi.

Kama kompresheni ni nzuri na bado kabureta hiyo inakohoa, toa kifuniko cha valvu na uzungushe injini taratibu ukitazama kila roka. Tafuta roka ya valvu ya kutolea moshi inayonyanyuka kidogo kuliko wenzake. Kidole cha kemshafti kikilika, moshi hauna pa kutokea, unabaki ndani ukiwa na moto, na valvu ya kuingiza ikifunguka unatokea huko. Huu ndio ugonjwa unaowachelewesha mafundi kuliko wote, kwa sababu kila kipimo cha kawaida kinasema injini ni nzima. MGB moja ya bluu ilinikalia siku 11 gerejini kabla sijafungua kifuniko hicho. Sasa nakifungua siku ya kwanza.

Vyote vizima. Sasa naruhusiwa kugusa kabureta?

Sasa ndiyo. Injini iwe ya moto. Kwanza sawazisha hewa: weka kipande cha mpira wa bomba sikioni, ncha ya pili kwenye mdomo wa kila kabureta, urekebishe hadi mvumo ulingane. Halafu nyanyua pistoni ya kabureta moja kwa kiasi kidogo tu, kama unene wa kadi ya benki, kwa kutumia pini yake ya chini. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Ukishuka na injini kutaka kuzima, ni kavu. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, umefika. Rudia kwa ya pili, kisha rudi ya kwanza, kwa kuwa zinaathiriana.

Nimeshauriwa nitoe kabureta mbili niweke moja ya pikapu. Unaonaje?

Usifanye. Datsun 240Z ilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973 ikiwa na injini ya kabureta, kwenye matope na vumbi vibaya kuliko njia yako ya kwenda kazini. Kabureta zako zinahitaji shafti, gasketi, jeti na sindano mpya, siyo kutupwa. Na ukibadilisha wakati chanzo ni kondensa au kemshafti, hiyo ya pikapu nayo itakohoa.

Nibadilishe pointi niweke umeme wa elektroniki?

Kama shafti ya distribyuta ni nzima, ndiyo, na nimefurahi nayo. Weka pointi na kondensa nzuri kwenye sanduku la gari, pamoja na fila geji na bisibisi. Moduli hiyo ya elektroniki ikifa usiku kati ya Makambako na Igawa, utazirudisha kwa mwanga wa simu ndani ya nusu saa na kuendelea na safari.